Skolastika Wanzagi, Aliyeitafuta Sumaku ya Kwanza (10 Februari 1978 – 6 Julai 2024)

Baba Paroko, walimu wenzake marehemu mliotoka Kibara, jamaa wa Bunda na Musoma, na ninyi ndugu wa hapa hapa Butiama: anayesoma wasifu huu ni Leonardi Wanzagi, mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Mnaofuatilia kwenye karatasi ya ratiba mtaona kuwa maneno hayafanani. Karatasi ile ilichapishwa Jumanne. Leo ni Alhamisi, na hapo katikati kuna mambo yametokea. Msihangaike kutafuta mstari. Iwekeni chini, msikilize tu.

Marehemu alikuwa na jambo moja alilotaka kulijua kabla hajafa: kama hesabu yake ilikuwa sahihi au ilikuwa na kosa. Hakutaka nyumba ya bati jipya, hakutaka gari, hakutaka cheo. Amekufa bila kuambiwa, na aliyepaswa kumwambia yupo hapa hapa makaburini.

Skolastika alizaliwa Ijumaa tarehe 10 Februari 1978, hapa Butiama, sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka kutafuta jina. Mama yake ni Selestina, yule aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Baba yake ni Mzee Wanzagi, aliyefariki mwaka 1969. Wageni wa mbali msishtuke, mmesikia vizuri: baba alitangulia kufa miaka tisa kabla mtoto hajazaliwa. Mzee Wanzagi aliondoka bila mtoto wa kiume. Mjane wake, Bibi Rhobi, hakukubali nyumba ya mumewe ifutike. Alitoa ng'ombe, akamwoa Selestina akiwa binti wa miaka kumi na saba, kwa ile mila yetu ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke humwoa mwanamke ili nyumba ipate watoto. Watoto wa Selestina wakawa watoto wa Wanzagi. Mwanamume aliyehusika hatajwi, hana dai, na haulizwi.

Alitangulia Skolastika, na mwaka 1981 akafuata Leonardi, yule mtoto wa kiume aliyesubiriwa. Bibi Rhobi aliwalea wote wawili kwa mkono mgumu na uji mwingi. Mpaka anafariki mwaka 1998 hakuna mtu wa kijiji hiki aliyewahi kuwauliza baba yao ni nani. Ni Wanzagi, basi, habari imekwisha.

Skolastika alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1986 na kumaliza darasa la saba mwaka 1992 akiwa wa kwanza. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia sekondari mjini Musoma, na Bibi Rhobi ndiye aliyemsindikiza siku ya kuandikishwa, amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani.

"Baba wa mtoto yuko wapi?" karani akauliza.

"Alishakufaga," Bibi akajibu.

"Lini?"

"Sitini na tisa."

Karani akatazama cheti cha kuzaliwa, akaona 1978. Akamtazama Bibi, akaandika kama alivyoambiwa, akagonga muhuri. Alikuwa mtu wa Mara. Laiti makarani wote wa dunia hii wangekuwa watu wa Mara, leo tungekuwa tunasoma wasifu mwingine, au pengine tusingekuwa tunasoma wowote.

Akiwa kidato cha pili, mwaka 1994, mwalimu wa fizikia alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi na kushika sumaku chini yake. Unga ukajipanga mistari. Darasa zima lilishangilia mistari. Skolastika alinyoosha mkono akauliza sumaku ile imeupata wapi usumaku wake. Mwalimu akasema, kwa sumaku nyingine, au kwa umeme. Na hiyo nyingine? Kwa dunia yenyewe. Na dunia? Kwa chuma kilichoyeyuka tumboni mwake, kinachozunguka. Skolastika akasema kuzunguka hukuza tu kile kilichopo. Je, kile kidogo cha kuanzia kilitoka wapi? Mwalimu akafungua kitabu, akafunga kitabu, akamwambia swali hilo ni la chuo kikuu. Hakumdanganya.

Likizo ya mwaka huo alimkuta mama yake akigandisha maziwa. Selestina, kama wafugaji wote, huacha maziwa kidogo ya zamani ndani ya kibuyu ili yagandishe mapya.

"Mama, na yale maziwa ya kwanza kabisa, kabla hapajawa na ya zamani, yaliganda kwa kitu gani?"

"Yaliganda yenyewe. Kuna mtu aliyasahauga."

Skolastika alicheka mpaka akakaa chini. Miaka mingi baadaye, alipokuwa ameshasoma vitabu vikubwa, alirudi kumwambia mama yake kuwa wapo wataalamu wenye shahada tatu wanaosema jambo la kukaribiana sana na hilo. Selestina alijibu kwamba wangekuja kumuuliza yeye wangeokoa muda.

Alisoma kidato cha tano na cha sita kuanzia 1997 hadi 1999, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya ualimu wa fizikia na hisabati mwaka 2003. Mwaka huo huo aliajiriwa sekondari moja huko Kibara. Alitoka mara moja tu, 2006 hadi 2008, kwenda kusoma shahada ya pili, akarudi Kibara ile ile, kwenye nyumba ile ile ya mwalimu yenye harufu ya dagaa wanaoanikwa jirani. Wanafunzi wake walimwita Madam Sumaku. Unga wa chuma aliupata kwa fundi wa kuchomelea, akiufagia mwenyewe sakafuni. Kila kidato cha pili kilichopita mikononi mwake kiliona mistari, na kila mwaka alingoja amwone mwanafunzi atakayenyoosha mkono. Mmoja alinyoosha, mwaka 2009. Aliuliza kama ataruhusiwa kwenda kujisaidia.

Sasa hesabu yenyewe. Skolastika aliwahi kumweleza mdogo wake mara nyingi, naye ataieleza kama alivyoielewa, na walimu wa fizikia mumsamehe. Huko mbali, katikati ya galaksi na galaksi, pana nafasi tupu kubwa zisizo na nyota. Wataalamu wameona dalili kwamba hata humo pana uga wa sumaku, dhaifu mara mamilioni ya mabilioni kuliko huu wa dunia unaogeuza sindano ya dira. Pasipo na nyota, nani ameuweka? Ama ulipeperushwa kutoka kwenye galaksi, ama umekuwapo tangu mwanzo, ulimwengu ulipokuwa moto mtupu na haujatimiza hata sekunde moja. Skolastika alishika hili la pili. Shida ni kwamba uga uliozaliwa mapema hivyo ulipaswa uwe umeshazimika zamani. Yeye alionyesha, kwa kurasa sitini na nne za mkono wake, kwamba kama ulizaliwa umesokotwa, kama kamba ya katani, hauachii upesi. Unalegea kidogo kidogo, unatanuka pamoja na ulimwengu, na unafika leo ukiwa na udhaifu ule ule unaoonekana. Siku alipomaliza ukurasa wa mwisho, mwezi Machi 2011, alipanda gari mpaka Nyasura, Bunda, anakoishi Leonardi, akaingia bila hodi.

"Leo, nadhani nimeipata," alisema, kwa jina la kifupi alilozoea kumwita mdogo wake. Leonardi hajawahi kumwona mtu mzima akifurahi namna ile.

Aliomba nafasi ya kusomea shahada ya tatu katika chuo kimoja cha ng'ambo, akaambatanisha zile kurasa sitini na nne. Kwa kuwa mtandao wa Kibara wakati ule ulikuwa wa kubahatisha, na kwa kuwa Leonardi ni karani na ana mwandiko mzuri, yeye ndiye aliyejaza fomu na kutumia barua pepe yake. Jina la baba: Wanzagi. Yu hai au amefariki: amefariki. Mwaka: 1969. Tarehe ya kuzaliwa mwombaji: 10 Februari 1978. Aliandika bila kalamu kusita. Skolastika alisoma fomu nzima kabla haijatumwa, naye hakuona kitu, maana hapakuwa na kitu cha kuona. Ndivyo walivyozaliwa.

Jibu lilikuja Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2011. Leonardi alilichapisha kwenye duka la intaneti, Bunda mjini. Zilitoka kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulishukuru na kusikitika, kwamba chuo hakiwezi kuendelea na ombi hilo. Wa pili ulieleza sababu. Ulisema wajumbe watatu wamezipitia hesabu za mwombaji mstari kwa mstari, hawakukuta kosa, na wameiweka kazi yake ya kwanza kati ya kazi zote za mwaka huo. Ila taarifa zake zinapingana, kwani amezaliwa miaka tisa baada ya kifo cha anayetajwa kuwa baba yake, na chuo kinatilia shaka nyaraka. Mwombaji anapewa siku thelathini alete hati ya kiapo kutoka kwa mzazi aliye hai, ikimtaja baba mzazi.

Leonardi alisimama pale dukani akamwona akilini mama yake, kiongozi wa akina mama wa parokia, amesimama mbele ya hakimu mjini Musoma akitaja jina ambalo halijawahi kutajwa. Aliukunja ukurasa wa pili, akautia kwenye mfuko wa shati. Alijiambia anamlinda mama. Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema yote, kulikuwa na jambo jingine: hakutaka dada aende. Bibi alikuwa ameshafariki, mama alikuwa anazeeka, na Leonardi aliogopa kubaki peke yake na nyumba ile iliyosubiri mtoto wa kiume. Jumamosi alimpelekea Skolastika ukurasa mmoja.

Skolastika aliusoma mara tatu.

"Hawajasema kosa liko wapi," akasema.

"Hawajasema."

"Wale watu hawakataagi mtu bure, Leo. Wameona kitu."

Kwenye karatasi ya ratiba imeandikwa kwamba marehemu alitamani kuendelea na masomo lakini haikuwa mapenzi ya Mungu. Maneno hayo aliyaandika Leonardi, na Mungu amsamehe kwa kumsingizia.

Tangu hapo hadi 2023 Skolastika alitafuta kosa. Alianza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Alijaza kaunta buku ishirini na tatu. Alibadilisha njia, akapita nyingine, akafika kwenye jibu lile lile, na badala ya kufurahi alisema basi kosa limejificha zaidi. Leonardi alipomtembelea Kibara alimkuta mezani, chai imepoa, amepigia mstari mwekundu hatua ambayo wajumbe watatu walishaipitisha.

"Pumzika, dada," alikuwa akimwambia.

"Nikiliona tu, napumzika."

Pole pole aliacha kuwaonyesha wanafunzi unga wa chuma. Aliwafundisha yaliyomo kwenye mtihani, wakafaulu, na mkuu wa shule akampa cheti cha mwalimu bora. Akakitia chini ya godoro. Aliwahi kumwambia mwalimu mwenzake, Hyasinta, kwamba mtu asiyejua alipokosea hana haki ya kumsahihisha mtoto wa watu. Yule aliyeingia Nyasura bila hodi hakuonekana tena.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa. Mwaka 2009 alichumbiwa na Bwana Mashimba, mkulima wa pamba wa Bunda, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi walivyotaniana. Mashimba alimwambia kuwa kwenye nafasi tupu zisizo na nyota ndiko kunakofaa kulima, hakuna ng'ombe wa jirani. Walikubaliana wangoje mpaka amalize hesabu yake na ijulikane habari ya chuo. Baada ya Oktoba ile, Skolastika alimwambia hana kitu cha kumpa mtu. Mashimba alingoja mwaka mzima zaidi, kisha akaoa. Yupo hapa na mkewe, na wamebeba jeneza hili kama ndugu. Hakuna wa kumlaumu, maana naye hakujua chochote.

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa 2022, chakula kikimkwama kooni. Alidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda vya tumbo. Machi 2023 alipelekwa Mwanza, ikaonekana ni saratani ya koo la chakula, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Alitibiwa kwa mionzi. Juni mwaka huo aliomba kurudi nyumbani kwa mama yake, na Selestina amemuuguza hapa Butiama mwaka mzima na zaidi, akimnywesha maziwa kwa kijiko pale maji yalipokuwa hayapiti. Sauti ilimwisha. Alikuwa akinong'ona, na mtu ilimbidi amwinamie ili amsikie.

Tarehe 23 Juni mwaka huu, Jumapili baada ya misa, alimwita Leonardi ainame. Alikuwa na ile barua kifuani, imechakaa kwenye mikunjo.

"Leo. Hapa chini wameandika moja ya mbili."

Miaka kumi na mitatu karibu, na hakuwahi kuitazama ile alama ndogo ya kuhesabu kurasa, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye hesabu.

"Wa pili uko wapi?"

Kila mtu hapa anajua alichopaswa kujibu. Ukurasa ulikuwa Nyasura, ndani ya sanduku la vyeti, saa moja na nusu kwa gari. Hata bila ukurasa, sentensi moja tu ingetosha. Leonardi akasema, "Ulitoka mweupe, dada. Printa ilitoa karatasi tupu."

Skolastika alimwamini, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutomwamini. Akakunja barua.

"Basi nilikosea mahali," akanong'ona, na kufumba macho.

Aliishi siku kumi na tatu baada ya hapo. Siku zote kumi na tatu Leonardi alikuwa hapa, akichota maji, akipasua kuni, akijiambia kesho. Skolastika alifariki Jumamosi tarehe 6 Julai 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Jumanne ratiba ilichapishwa. Jumatano asubuhi Leonardi alirudi kutoka Nyasura na ule ukurasa, akaketi na mama yake jikoni, akamsomea kwa Kiswahili neno kwa neno, maana mama hasomi. Selestina alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Kwa hiyo walitaka hiyo tu? Mimi niseme baba yake ni nani?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuniuliza?"

Leonardi akasema aliogopa kumwaibisha.

"Yule mwanaume alishakufaga. Mke wake alishakufaga. Mimi nilikuwa namwogopa nani? Ungeniambia asubuhi, mchana ningekuwa Musoma kwa hakimu. Ningesema hata kwa kipaza sauti." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Hiyo aibu ilikuwa ya kwako, Leonardi. Haikuwaga ya kwangu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza yasomwe haya yote leo, mbele yenu, na ndiyo maana yanasomwa. Jana hiyo hiyo Leonardi alikiandikia kile chuo. Barua pepe ilirudi baada ya dakika mbili ikisema anwani hiyo haitumiki tena.

Hakuna la kuwafariji nalo, na msomaji hatajaribu. Kama kazi ile ingetoka mwaka 2011, watu wenye ujuzi wangeijadili, wangeikosoa, wangeijenga. Kaunta buku ishirini na tatu zimepangwa kwenye chumba cha mama, na hapa kijijini, na Kibara, na Bunda nzima, hakuna anayeweza kuzisoma. Aliyeweza tunamzika sasa.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Selestina, ambaye hajasema na mwanawe tangu jana asubuhi. Ameacha mdogo mmoja, Leonardi, na watoto watatu wa mdogo huyo waliomwita shangazi. Ameacha walimu wenzake na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini huko Kibara. Hakuacha mume wala mtoto.

Mungu ampokee Skolastika, ampumzishe, na amwambie lile ambalo mdogo wake hakumwambia.